Lahani Ilivuka, Maneno Yakabaki

Mhadhara wa hadhara uliotolewa Usenge, Yimbo



Mwaka 1953 Jaramogi Oginga Odinga, mzaliwa wa Bondo hapa jirani, alialikwa na serikali ya India akaizunguka nchi ile kwa muda wa miezi miwili. Safari hiyo aliiandikia kitabu kwa Dholuo, lugha ya Waluo, akakiita Dweche Ariyo e India, yaani miezi miwili India. Alipokuwa huko, filamu ya Kihindi ya Awaara ilikuwa na umri wa miaka miwili tu, na wimbo wake mkuu ulikuwa umekwisha kuwa wimbo wa kila kinywa. Naanza na Jaramogi kwa sababu tumezoea kusema kwamba Uhindi ulitufikia mwambao huu kwa mlango mmoja, mlango wa duka: sukari, chumvi, kitambaa na deni lililoandikwa daftarini. Mlango huo ulikuwapo. Lakini ulikuwapo na mwingine, na nyimbo ndizo zilizopita humo.

Reli ilifika Port Florence, Kisumu ya leo, tarehe 20 Desemba 1901. Vibarua walioletwa kutoka India kuijenga walikaribia 32,000. Wengi wao walirudi kwao mikataba ilipokwisha, maelfu wakabaki, wengine wakafa njiani. Nyuma yao wakaja wenye maduka, Allidina Visram akiwa wa kwanza kwa ukubwa, kisha wakulima wa miwa wa Kibos na Miwani, mafundi wa karakana, makarani na walimu. Maduka yao yakafuata ufuo hadi Asembo Bay, Kendu Bay na Homa Bay. Gramafoni ilipoanza kuuzwa, walioinunua mapema walikuwa watu hawa, na dukani hakuna ukuta unaozuia sauti. Aliyekwenda kununua ndoana alirudi na ndoana, na kichwani akabeba wimbo asioujua maana.

Hilo la kutojua maana ndilo ninalotaka tulizungumze leo. Watu wa Afrika Mashariki wamependa nyimbo za filamu za Kihindi kwa zaidi ya miaka sabini bila kuyaelewa maneno yake. Wanamjua mwigizaji Raj Kapoor kwa kofia na suruali fupi. Wanamjua mwimbaji Lata Mangeshkar kwa sauti. Waulize aliyeyaandika maneno, watakutazama tu. Na hata India kwenyewe mambo hayakuwa tofauti sana. Tuzo za Filmfare zilianza kutolewa mwaka 1954, na mtunzi wa muziki alikuwa na tuzo yake tangu siku ile ya kwanza. Mtunzi wa maneno alingoja hadi mwaka 1959.

Turudi kwa Awaara, tuone ni watu wangapi waliomo ndani ya kinywa kimoja. Kwenye pazia unamwona Raj Kapoor akitembea barabarani, midomo ikicheza. Sauti si yake, ni ya Mukesh, aliyesimama mbele ya maikrofoni studioni siku nyingine kabisa. Lahani si ya Mukesh, ni ya Shankar na Jaikishan, watunzi wawili waliofanya kazi kama mtu mmoja. Maneno si ya yeyote kati ya hao. Ni ya Shailendra, na Shailendra hakuonekana wala hakusikika. Utaratibu huu wa sauti ya kuazima ulianza katikati ya miaka ya 1930. Kabla ya hapo mwigizaji aliimba mwenyewe, na aliimba sana: Alam Ara, filamu ya kwanza ya India yenye sauti, ilitoka Machi 1931 ikiwa na nyimbo saba, na mwaka uliofuata ikatoka Indrasabha yenye nyimbo kama sabini. Sabini! Hapo mtu anaingia sinema anatoka na ndevu.

Shailendra alizaliwa Rawalpindi mwaka 1923, akaja Bombay akaajiriwa katika karakana ya reli ya Matunga. Wazee wa Kisumu mliofanya kazi relini, huyu ni mwenzenu. Jioni alikwenda kwenye mikutano ya wasanii wa mrengo wa kushoto akasoma mashairi yake. Mwaka 1947, Punjab ikiwa inawaka kwa mauaji ya kugawanywa nchi, alisoma shairi kuhusu moto huo. Raj Kapoor alikuwa mmoja wa waliosikiliza. Akamfuata, akataka kulinunua aliweke kwenye filamu yake. Shailendra akakataa, mashairi yake hayakuwa ya kuuza. Baadaye mke wake akashika mimba na nyumba ikakosa fedha. Akaenda mwenyewe kwa Raj Kapoor, akapewa rupia 500, naye akaandika nyimbo mbili za filamu ya Barsaat iliyotoka mwaka 1949. Tangu hapo hawakuachana.

Nawaomba msikimbilie kumhukumu kwamba alijiuza. Angalia alichokifanya na fedha zile. Aliandika Kihindi cha mtu wa kawaida, maneno ya sokoni na ya kituo cha reli, sentensi ambazo mtoto anaweza kuzishika mara moja. Kuandika hivyo ni kugumu kuliko kuandika kwa maneno mazito. Mshairi dhaifu hujificha nyuma ya msamiati. Shailendra hakuwa na mahali pa kujificha. Mwishowe alitaka kutengeneza filamu yake mwenyewe, Teesri Kasam, hadithi ya mwendesha mkokoteni wa ng'ombe na mcheza ngoma. Ilimla fedha, ikamla afya, ilipotoka mwaka 1966 watu hawakuiendea. Alikufa tarehe 14 Desemba mwaka huo huo, siku ya kuzaliwa ya Raj Kapoor. Leo Teesri Kasam inahesabiwa miongoni mwa filamu bora za zama zile.

Washairi wenzake wa filamu nao walitoka kwenye kazi za kila siku. Hasrat Jaipuri alikuwa kondakta wa basi Bombay. Majrooh Sultanpuri alisomea utabibu wa Kiyunani, alikuwa tabibu wa dawa za mitishamba kabla ya kuwa mshairi. Shakeel Badayuni alikuwa afisa ugavi Delhi. Shakeel huyu, Mwislamu mtoto wa familia ya dini, ndiye aliyeandika wimbo wa ibada wa Kihindu katika Baiju Bawra ya mwaka 1952. Aliyeutia lahani ni Naushad, Mwislamu, na aliyeuimba ni Mohammed Rafi, Mwislamu. Wahindu wakauimba mahekaluni. Kwa mji kama Kisumu, ambako Singasinga, Waismailia, Wahindu wa Gujarat na Wagoa walikaa ukumbi mmoja wa sinema kila mmoja na ibada yake, jambo hilo halikuwa dogo.

Sahir Ludhianvi nampa nafasi yake, kwa sababu yeye ndiye aliyegombana. Jina lake la kuzaliwa ni Abdul Hayee, wa Ludhiana, alizaliwa mwaka 1921, na kitabu chake cha mashairi, Talkhiyan, kilikuwa kimemfanya maarufu kabla sinema haijamwita. Mwaka 1957 aliandika nyimbo za Pyaasa ya mwongozaji Guru Dutt, filamu inayomhusu mshairi asiyethaminiwa mpaka watu wadhani amekufa. Filamu ilipofaulu, Sahir hakuficha kwamba anaona mashairi yake ndiyo yaliyoibeba. Mtunzi wa muziki, S. D. Burman, akakasirika, na hao wawili hawakufanya kazi pamoja tena. Inasimuliwa pia kwamba alidai alipwe rupia moja zaidi ya Lata Mangeshkar kwa kila wimbo. Rupia moja haikuwa fedha ya maana kwake. Alichotaka ni daftari la mhasibu liseme kwamba neno lina thamani isiyopungua sauti. Akaisumbua pia redio ya taifa mpaka mtangazaji akaanza kumtaja mwandishi wa maneno pamoja na mwimbaji.

Redio yenyewe ina kisa chake, nitakipita haraka. Mwaka 1952 waziri aliyeisimamia redio ya India, B. V. Keskar, aliona nyimbo za filamu ni upuuzi akazibana mpaka zikatoweka hewani. Radio Ceylon ikaziokota. Ameen Sayani akaanzisha kipindi chake cha Geetmala mwaka huo huo, na mawimbi mafupi ya Ceylon yalivuka bahari hadi kwetu. Serikali ya India ilisalimu amri mwaka 1957 ikafungua idhaa ya burudani, Vividh Bharati. Mawaziri wa utangazaji wana kawaida ya kushindwa na nyimbo.

Na washairi nao wana kawaida ya kufungwa. Majrooh alitiwa jela Bombay mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa shairi lililomshambulia Nehru, akatakiwa aombe radhi, akakataa. Huku kwetu mwanamuziki D. O. Misiani wa Shirati Jazz, mzaliwa wa Shirati ng'ambo ya mpaka, alikamatwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya mafumbo ya nyimbo zake. Na huko Mombasa, mwaka 1969, kijana Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu kwa waraka alioupa jina Kenya: Twendapi? Waraka ule uliitetea KPU, chama cha Jaramogi. Mashairi aliyoyaandika gerezani kwenye karatasi za choo yalichapwa mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki. Shikeni jina la Abdilatif, kwa maana ndugu yake ndiye anayetuingiza kwenye kiini cha mazungumzo ya leo.

Kabla ya kufika kwa huyo ndugu, lazima tuone wimbo wa filamu ulivyotengenezwa Bombay. Wengi tunadhani mshairi anaandika, kisha mwanamuziki anatia sauti. Mara nyingi ilikuwa kinyume. Mtunzi wa muziki anakaa chini kwenye godoro na kinanda cha mkono, mpiga tabla pembeni. Mwongozaji anaeleza mahali penyewe: msichana yuko dirishani, mvua inanyesha, mpenzi hajafika. Mtunzi anapiga lahani, anaimba maneno yoyote yasiyo na maana ili kuonyesha urefu wa sauti. Mshairi anasikiliza, anahesabu vidoleni, anatafuta maneno yatakayokaa humo bila kulazimishwa. Mshairi Kaifi Azmi alikuwa akitania kwamba kazi hiyo ni kuchimba kaburi kwanza, kisha kutafuta maiti wa kulitosha.

Umbo nalo lilikuwa limefungwa. Wimbo ulianza na mukhda, mistari ya mwanzo inayorudiwarudiwa, kibwagizo kwa lugha yetu. Kisha antara, beti mbili au tatu, kila moja ikimalizika kwa kurudi kwenye mukhda. Santuri za zamani zilibeba kama dakika tatu na kidogo kwa upande mmoja. Kwa hiyo mara nyingi filamu ilikuwa na antara moja zaidi, na santuri iliikata. Mshairi alijua kwamba ubeti mmoja utapotea. Mwenye busara hakuliweka neno lake zito katika ubeti huo. Huo ndio ufundi wenyewe, na ni wa kubanwa tangu mwanzo hadi mwisho.

Sasa twende Mombasa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, jina kubwa la taarabu ya Mombasa lilikuwa Juma Bhalo, Mohamed Khamis Juma Bhalo kwa ukamilifu, aliyefariki mwaka 2014. Sauti yake ilipanda na kuyumba juu kama walivyofanya waimbaji wa Bombay, na nyingi ya lahani alizoziimba zilitoka moja kwa moja kwenye filamu. Watu walikwenda sinema za Regal au Naaz kutazama filamu mpya, kisha wakaisikia lahani hiyo hiyo harusini, ikiwa na maneno ya Kimvita. Hakuwa peke yake. Maulidi Juma na kundi lake nao waliimba kwa mtindo huo kwa miaka mingi. Na walionunua santuri hawakulazimika kwenda mbali: duka la Assanand mjini Mombasa liliuza za Kihindi, na nembo ya Mzuri ya duka hilo hilo ikatoa za Kiswahili.

Maneno aliyoyaimba Juma Bhalo, mengi yake yaliandikwa na mtu wa ukoo wake, Ahmad Nassir Juma Bhalo. Huyo ndiye ndugu wa Abdilatif. Ahmad Nassir ndiye mwenye diwani ya Malenga wa Mvita, iliyotoka mwaka 1971, na kabla yake mashairi yake yalikwisha kuchapwa mwaka 1966 katika kitabu alichokihariri Lyndon Harries. Wanafunzi wa sekondari wa nchi hii wamemsoma kama mshairi wa kitabuni, mlinzi wa vina na mizani. Wachache waliambiwa kwamba mshairi huyo huyo aliandikia pia lahani za Bombay.

Wako wanaoona haya kulisema jambo hili, wakidhani linampunguza. Mimi naona linamwongeza, na nitawaonyesha kwa nini. Chukua lahani yoyote ya kibwagizo yenye mapigo manane, pigo la mwisho likiwa limevutwa sana, kama zilivyo nyingi. Malenga ana mazoea na nane. Shairi letu la kawaida lina mizani nane kila kipande. Basi natunga hapa hapa: Nimekaa ukingoni. Hesabu: ni-me-ka-a-u-ki-ngo-ni. Nane kamili. Mwalimu wa fasihi atanipa alama zote. Sasa uimbe. Lahani inataka silabi ya mwisho ivutwe, na Kiswahili mkazo wake uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mwimbaji akiivuta ile ni, neno linageuka, linatoka kama la mgeni aliyeshuka meli jana. Mizani imetimia na wimbo umeharibika.

Malenga afanyeje? Anayo milango michache. Anaweza kumaliza kwa neno la silabi moja lenye uwezo wa kusimama: Nakungojea wewe tu. Nane tena, na ile tu inavutika upendavyo, na kadiri unavyoivuta ndivyo maana inavyozidi. Au anamwambia mwimbaji aivute ngo ya ukingoni na kuiachia ni kidogo tu mwishoni, jambo linaloisogeza lahani nje ya mahali pake kwa nusu pigo, na mpiga tabla akikubali, hapo hapo lahani inaanza kuwa ya Mombasa. Au anaongeza ee mwishoni, mlango wa wavivu, ingawa waimbaji wazuri wamepita humo pia. Na ukumbuke kwamba vina navyo vinamngoja, na mafumbo yanamngoja, kwa kuwa wimbo wa taarabu usio na fumbo haumtoi mtu fedha mfukoni. Sahir hakubanwa zaidi ya hapo. Walikuwa wafanyakazi wenza, mmoja Bombay mmoja Mombasa, wakiijaza lahani ile ile kutoka pande mbili za bahari, bila mmoja kujua maneno ya mwenzake.

Nasema bila kujua maneno, ingawa pwani walinasa moja moja. Kiurdu na Kiswahili vyote vimechota kwa Waarabu, hivyo dunia, wakati, safari na subira zilipita masikioni mwa watu wa Mji wa Kale wa Mombasa zikiwa zimevaa nguo nyingine kidogo. Lakini kunasa neno si kuelewa ubeti. Maneno ya Bombay yalibaki Bombay.

Swali langu kwenu watu wa ziwa ndilo hili. Kwa nini kazi hiyo ya kuzitia lahani za filamu maneno yetu haikutokea hapa? Reli ilifika. Gramafoni ilifika. Filamu zilionyeshwa Kisumu. Tena biashara ya muziki wenu ilikuwa karibu na Wahindi kuliko ile ya pwani. Chandarana wa Kericho alirekodi bendi za benga, muziki wenu wa magitaa, za Kiluo na za Kikalenjin. Duka la Melodica la Nairobi liliziuza. Mikono iliyouza santuri za Mukesh ndiyo iliyouza benga. Mashine moja, kaunta moja. Na bado sikilizeni benga ya miaka ya 1970 tangu mwanzo hadi mwisho, mtafute lahani ya Shankar na Jaikishan humo. Mimi nimetafuta sana na sijaambulia kitu. Mlichukua duka, mlichukua santuri, lahani mkaiacha kaunta.

Jibu la haraka ni dini na ujirani: pwani ni Waislamu, wameishi na Wahindi karne nyingi, wana harusi zinazotaka nyimbo mpya kila wiki. Ni kweli kwa kiasi. Halinitoshi.

Jibu langu linatoka kwenye lugha yenyewe. Dholuo ni lugha ya toni. Neno likipandishwa sauti mahali pa kushushwa, laweza kuwa neno jingine, na ninyi mnayo mifano mingi kuliko mimi niliyejifunza ukubwani na ninayechekwa sokoni kila nikijaribu. Kiswahili hakina toni. Ukikiimba juu au chini, neno linabaki ni lile. Linaloumia ni mkazo tu, na mkazo tumeona una milango ya kutokea. Kwa hiyo Kiswahili kinaweza kuingia kwenye lahani ya mgeni kikatoka kizima. Dholuo ikiingizwa kwenye lahani iliyotungwa kwa ajili ya Kihindi, lahani inapanda pale neno linaposhuka, na msikilizaji anapotea. Mpiga nyatiti, ala yenu ya nyuzi, analijua hili bila kuambiwa na mtu. Neno linatangulia, nyuzi nane zinalifuata. Gitaa la benga likarithi tabia hiyo. Msikilizeni mpiga solo anavyoufuata usemi wa mwimbaji, akiurudia karibu neno kwa neno.

Na kuna pakruok. Ngoma imekolea, mtu anainuka, anatoa fedha, anamsimamisha mwanamuziki, anajisifu, anamsifu shemeji yake, anataja kijiji chake, kisha wimbo unaendelea ukiwa umebeba majina hayo. Wimbo wa namna hiyo lazima uwe na mlango ulio wazi wakati wote. Mukhda na antara zimefungwa. Ukimsimamisha Mukesh katikati ya antara, hakuna pa kurudia. Benga haikukubali hata dakika tatu za santuri. Wimbo ulikatwa ukimalizikia upande wa pili, na huko upande wa pili ndiko magitaa yalikopewa uwanja. Wahindi wa Bombay walikata ubeti ili wimbo utoshe upande mmoja. Ninyi mlipindua santuri.

Najua kuna mtu amekwisha kuandaa swali lake, hasa hapo kwa walimu wa kwaya. Atasema: mbona makanisani tunaimba Dholuo kwa lahani za Waingereza, na hakuna aliyepotea? Ni swali zuri na linanisumbua. Ninavyoona, wimbo wa kanisani maneno yake yako kitabuni, umeimbwa tangu utotoni, huusikilizi ili kupata habari. Hata toni ikipotoka, umekwisha kujua kinachosemwa. Wimbo wa benga au wa nyatiti unasikilizwa kwa mara ya kwanza na watu wanaotaka kujua nani kasemwa. Hapo toni haiwezi kupotoka. Kama jibu hili halikutoshi, tutaonana wakati wa maswali.

Kuna mrithi mmoja wa kazi hii ambaye sitaki kumsahau, naye mnaye hapa hapa ufuoni. Ni msimulizi wa filamu kwenye vibanda vya video. Wengi wenu mnamjua DJ Afro, na nyuma yake wako wengi wasio na jina. Filamu inatoka India, msimulizi anaitilia maneno yake, anawabatiza waigizaji majina ya mtaani, anamfanya adui aseme kwa lafudhi ya mtu fulani mnayemjua. Niliwahi kukaa kwenye kibanda kimoja filamu ya zamani ikionyeshwa. Wimbo ulipoanza, nusu ya watu wakatoka kununua njugu, na msimulizi akaendelea kuzungumza juu ya sauti ya mwimbaji, akimtania shujaa kwa kuimbia mti badala ya kumtolea mahari baba wa msichana. Watu walicheka, nami nilicheka. Lakini nilitambua kwamba hapo ndipo Dholuo na Kiswahili cha ziwani vimepata njia yao ya kuingia filamu ya Kihindi: kwa kuusemea wimbo, bila kuuimba. Anayesema hafungwi na lahani ya mtu. Toni zake zote anazo.

Suala la jina na malipo limebaki. India ilibadilisha sheria yake ya hakimiliki mwaka 2012, na mshairi Javed Akhtar ni mmoja wa waliolipigania jambo hilo bungeni, ili watunzi wa maneno na wa muziki wasinyang'anywe mirabaha yao kwa mkataba wa siku moja. Shailendra alikuwa amekwisha kufa miaka arobaini na sita. Kwetu, chukueni santuri ya zamani ya taarabu au ya benga, someni karatasi iliyobandikwa katikati. Mwimbaji yupo. Bendi ipo. Nembo ya duka ipo, tena kwa herufi kubwa. Mwenye maneno mara nyingi hayupo. Wenye santuri hizo majumbani, na najua mko, naomba mnionyeshe baadaye. Mkikumbuka nani alitunga maneno, tuandike leo, maana mkiondoka ninyi hakuna mwingine wa kuulizwa.

Sasa nimalizie kwa jaribio, nisije nikaonekana nimewalisha nadharia. Nimemwomba mpiga nyatiti aliyekaa pale mbele achukue lahani ya kibwagizo kutoka filamu ya mwaka 1951, aiimbe kwa Dholuo kwa maneno aliyoyatunga mwenyewe wiki hii. Amenionya kwamba hakupenda kazi hiyo hata kidogo. Ninyi ndio waamuzi. Atakapofika mahali neno limegeuka likawa jingine, msimwonee haya, pigeni kelele hapo hapo, na mtuambie limegeuka kuwa nini. Asipokosea hata mara moja, basi nadharia yangu imezama, na maswali mniulize mkiwa mmeniandalia mtumbwi wa kisiwa cha Mageta. Karibu, jathum.